"Mtandao Umelala" Si Jibu la Serikali



Kuna sentensi mbili ambazo kila mtu aliyewahi kupanga foleni kwenye ofisi ya serikali huku kwetu anazijua. Ya zamani ni "njoo kesho". Ya siku hizi ni "mtandao umelala". Maana yake ni moja, ila hii ya pili ina ujanja zaidi kwa sababu haina mwenyewe. Zamani karani akikwambia njoo kesho, ulijua nani amekufukuza. Ulimwona uso, ulilijua jina lake, na kama una moyo mgumu ulienda kumshtaki kwa mkubwa wake. Leo anayekurudisha Endebess au Cheptais mikono mitupu ni mtambo, na mtambo hauna jina, hauna mkubwa, na hakuna anayeuita ujieleze.

Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wenu mkilisikia mnadhani ni la maprofesa wa Nairobi: uongozi wa kidijitali serikalini. Najua neno lenyewe linachosha. Ukilisikia unafikiria mkubwa fulani anakata utepe, tableti kumi zimepangwa mezani, picha zinapigwa, kisha chakula. Hiyo ni sherehe. Uongozi wa kidijitali, kwa maoni yangu, ni kitu kidogo na kigumu zaidi: ni kuwa na mtu ofisini, mwenye jina na cheo, anayejibu kwa kila kinachofanywa na mtambo. Mtambo ukikosea, yeye ndiye amekosea. Ukilala, yeye ndiye anayetafuta njia nyingine ya kukuhudumia siku hiyo hiyo. Bila mtu huyo, kompyuta zote za serikali ni pazia tu la kujificha.

Tuanzie nyumbani. Wabungoma, msikasirike, lakini hamtanisamehe nikiziruka zile wilbaro. Mwaka 2015 nchi nzima iligundua kuwa serikali ya kaunti ya Bungoma imenunua wilbaro 10, kila moja kwa shilingi 109,320. (Wilbaro za kazi, si za siasa, mambo ya alama za vyama yalikuja baadaye.) Tukaambiwa si wilbaro za kawaida, ni za chuma maalumu kisicholeta saratani. Watu walicheka mpaka wakatoa machozi, na mpaka leo ukienda Mombasa ukisema unatoka Bungoma utaulizwa bei ya wilbaro.

Mimi kilichonishangaza hakikuwa bei. Ni kwamba bei hiyo haikufichwa. Iliandikwa kwenye nyaraka za serikali kwa tarakimu kamili. Mtu mmoja aliitaja, mwingine akaikubali, mwingine akaidhinisha, mwingine akapokea mali. Wakati huo kaunti zilikuwa tayari zimeagizwa na Hazina Kuu kutumia IFMIS, ule mfumo wa fedha ulioletwa ili kuziba mianya ya wizi. Sasa niambie, ni programu gani ungeweka hapo ili izuie wilbaro ya laki moja? Kompyuta haijui wilbaro inauzwa ngapi pale soko la Chwele. Anayejua ni binadamu, na binadamu aliyekuwa na kalamu alitia sahihi.

Mwaka huo huo, kule Nairobi, kashfa ya NYS ikalipuka. Shilingi milioni 791 zikapita ndani ya IFMIS yenyewe, na mojawapo ya maelezo tuliyopewa ni kwamba nenosiri la afisa lilikuwa limeibwa na kutumiwa na watu wengine. Fikiria hilo polepole. Mfumo wa mamilioni, umewekwa ili wizi ukome, na mlango wake unafunguliwa kwa neno moja ambalo watu ofisini wanaweza kupokezana kama kalamu. Sijawahi kusikia ulinzi wa kompyuta unaoweza kumshinda mkubwa anayempa msaidizi wake nenosiri kwa sababu yeye mwenyewe hana subira ya kujifunza mashine. Na wakubwa wa aina hiyo wapo wengi, tusidanganyane. Yuko kwenye kikao cha "mageuzi ya kidijitali" huku barua pepe zake zinafunguliwa na katibu wake.

Sasa tupande Kitale, tuone upande mwingine wa shilingi, maana si haki kusema kila kitu kimeharibika.

Trans Nzoia ni mahindi. Ukitaka kujua kama serikali inafanya kazi huku, usiulize barabara, uliza mbolea. Tangu 2023 mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku anaandikishwa kwanza, mara nyingi kupitia kwa chifu na naibu wake. Jina lake linaingia kwenye sajili ya kitaifa, kisha anapata vocha ya kielektroniki kwenye simu, analipa kwa simu, anaenda kuchukua mifuko yake. Bei ilianza shilingi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50, na mwaka huo huo ikashuka hadi 2,500. Mimi naona wazo hilo ni zuri. Vocha inaingia kwa simu ya mkulima, hata kama simu yenyewe ni kabambe, na si kwa mfanyabiashara aliyekaa na kakitabu chake.

Lakini angalia wapi mambo yanakwama. Ujumbe unasema una haki ya mifuko mitano wakati shamba lako ni ekari kumi. Nani alipunguza? Chifu anasema yeye alipeleka jina sawasawa. Ghalani wanasema wao wanatoa kile mtambo unasema. Nambari ya kupiga simu iko Nairobi na muziki unakuimbia mpaka salio liishe. Mvua ya Machi haisubiri. Kila uliyemuuliza ana haki ya kusema "si mimi", na wote wanasema kweli, na hapo ndipo shida ilipo.

Halafu Machi 2024 ikafichuka kuwa kuna mbolea bandia iliyouzwa kwa wakulima kupitia mpango huo huo wa ruzuku, kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka, NCPB. Serikali ikasimamisha uuzaji, watu wakafikishwa mahakamani, Waziri wa Kilimo akaponea kung'olewa. Kumbuka kwamba mpaka hapo vocha zilikuwa zinafanya kazi vizuri kabisa. Ujumbe ulifika, malipo yalipita, risiti ilitoka. Mtambo ulimfikisha mkulima salama salimini mpaka kwenye mfuko usio na mbolea. Sifa moja nitaipa sajili: angalau kulikuwa na rekodi ya nani alinunua, kwa hiyo fidia ilipotajwa kulikuwa na mahali pa kuanzia. Kwa karatasi za zamani, hata hilo tusingelipata. Ila tofauti kati ya rekodi na fidia ni afisa anayeamka asubuhi kuifuatilia.

Utaniuliza, haya ni mambo ya kaunti na kilimo, sisi vijana wa Kiislamu yanatuhusu vipi kuliko wengine? Yanatuhusu kama yanavyomhusu kila mwananchi, na hilo peke yake latosha. Lakini kuna sehemu moja ambapo sisi tunaumia zaidi, na sababu yake ni kitu cha kuchekesha: tahajia.

Tuseme wewe ni kijana wa Matisi. Cheti cha KCSE kinasema Mohammed, kwa sababu ndivyo mwalimu alivyoandika siku ya usajili. Kitambulisho kinasema Mohamed. Cheti cha kuzaliwa, ambacho kilitafutwa ukiwa darasa la nane kwa sababu shule ilikidai, kinasema Muhammad, tena jina la babu limeingia mahali pa jina la baba. Dada yako ni Khadija kwenye karatasi moja na Hadija kwenye nyingine. Abdulrahman anaandikwa neno moja, maneno mawili, na wakati mwingine na kistari katikati. Zamani hili halikuwa tatizo. Karani alikuangalia, akaangalia karatasi, akatabasamu, akajua ni wewe. Binadamu anajua Mohamed na Mohammed ni jina moja. Mtambo haujui. Kwa mtambo hao ni watu wawili, na mmoja wao ni mwongo.

Basi kijana anaomba mkopo wa masomo, inakataa. Anaomba kazi, majina hayalingani. Anaambiwa aende kwa wakili akaapishwe, atoe tangazo, alipe, arudi. Yule jirani yake aitwaye Peter Wafula hana shida hiyo, si kwa sababu anapendelewa, bali aliyeunda fomu alikuwa na majina kama yake akilini. Hakuna aliyekaa kupanga njama dhidi ya kina Mohamed wa Kitale. Ni kwamba pale mezani, siku fomu ilipochorwa, hakukuwa na mtu wa kuinua mkono na kusema, jamani, hili jina lina tahajia tano.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza nataka uwe mezani.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kule Garissa na kaunti jirani, maelfu ya Wakenya waligundua kuwa alama zao za vidole ziko kwenye sajili ya wakimbizi. Wakati wa ukame na njaa familia nyingi zilijiandikisha kambini ili zipate chakula, na watoto wakachukuliwa alama pamoja na wazazi. Miaka ikapita, mtoto akafika 18, akaenda kuomba kitambulisho, akaweka kidole kwenye mashine. Mashine ikasema: huyu ni mkimbizi. Ikawa ndio basi. Chifu anamjua, wazee wanamjua, shule inamjua, lakini kidole kimeshasema. Watu wamekaa miaka bila kitambulisho, yaani bila kazi rasmi, bila laini ya simu kwa jina lao, bila kura, kwa sababu hakuna afisa aliyekuwa na mamlaka, au ujasiri, wa kuandika: mashine imekosea, huyu ni Mkenya.

Na kabla mashine hazijaja, tulikuwa na ule msasa wa kamati. Wanubi, Wasomali, Waarabu wa pwani, wote mnajua habari ya kuulizwa kitambulisho cha babu. Februari 2025 Rais alitia sahihi tamko huko Wajir la kuondoa msasa huo kwa kaunti za mpakani. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tamko ni karatasi. Swali la kijana anayejua kompyuta ni hili: je, kwenye skrini ya karani kile kisanduku cha kumtenga mwombaji kimefutwa? Nani alikagua? Ubaguzi uliokuwa mdomoni mwa mzee wa kamati unaweza kuhamia ndani ya programu, na ukifika humo unakuwa msafi, hauna sauti, hauna lafudhi.

Wanubi walilielewa hili mapema kuliko wengi wetu. Serikali ilipoleta Huduma Namba mwaka 2019, ikataka kila mtu aandikishwe, shirika la Nubian Rights Forum lilikwenda mahakamani pamoja na tume mbili za haki za binadamu. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakakataza ukusanyaji wa DNA na mahali halisi mtu anapoishi, wakasema mradi hauwezi kuendelea bila kanuni kamili za kulinda taarifa na kuhakikisha hakuna anayeachwa nje. Oktoba 2021, katika kesi nyingine, mahakama ikasema utoaji wa zile kadi ulikwenda kinyume cha sheria kwa sababu serikali haikupima kwanza madhara yake kwa taarifa za watu, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Mradi uliomeza zaidi ya shilingi bilioni 10 ukafa. Sikiliza vizuri: haukufa kwa kukosa kompyuta. Ulikufa kwa sababu viongozi walikimbilia mashine kabla ya kuuliza maswali ambayo jamii ndogo ya Kibera iliyauliza kwa ufasaha.

Kama unadhani haya ni ya Afrika, angalia Uholanzi. Mamlaka yao ya kodi ilitumia programu kuchagua nani achunguzwe kwa udanganyifu wa posho ya malezi ya watoto, na uraia wa mtu ukahesabiwa kama dalili ya hatari. Familia zaidi ya 20,000, nyingi zikiwa na asili ya Uturuki, Moroko na kwingineko, zikaitwa walaghai na kudaiwa pesa zote. Watu walipoteza nyumba. Mwaka 2017 mwanasheria wa ndani wa mamlaka hiyo, Sandra Palmen, aliandika waraka kuwaambia wakubwa wake kuwa wanachofanya si sawa. Waraka ukawekwa kando. Januari 2021 baraza zima la mawaziri likajiuzulu. Nchi tajiri, mtandao haulali, umeme haukatiki. Kilichokosekana ni mkubwa mmoja wa kusoma waraka wa mfanyakazi wake na kusema simamisheni.

Turudi kwetu, kwa jambo linalonikera kuliko yote: mitambo hii ni ya nani? Tumeambiwa tulipie huduma zote za serikali kupitia eCitizen, nambari moja ya malipo. Kila malipo yanaongezwa shilingi 50. Cheti cha polisi cha tabia njema, ambacho kijana asiye na kazi anakihitaji ili aombe kazi, ni 1,050, na hiyo 50 ya mwisho ndiyo ninayoizungumzia. Serikali ilipotaka hata karo za shule za sekondari zilipwe huko, kesi ikafikishwa mahakamani, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikaamua kuwa agizo lile ni kinyume cha Katiba na ada ile haina msingi wa sheria. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kwa upande wake, amehoji udhibiti wa serikali juu ya eCitizen. Kuhusu mfumo wa bima mpya ya afya, SHA, wa takriban shilingi bilioni 104, ripoti yake ilisema wazi kuwa serikali si mmiliki wa mfumo huo. Yaani mama anajifungua pale Hospitali ya Rufaa ya Bungoma, mtambo unasema hajalipiwa, na hata waziri hawezi kuufungua mtambo huo aone ndani kuna nini bila kuomba wenye nao. Uongozi hapo uko wapi? Huwezi kuongoza gari ambalo usukani wake umekodisha.

Na Julai 2023, waliojiita Anonymous Sudan walipoishambulia eCitizen, wiki chache tu baada ya Rais kuzindua huduma zaidi ya 5,000 humo, nchi nzima iliambiwa ile sentensi yetu ya kijijini. Mtandao umelala.

Basi tunataka nini? Sitaki tudai "teknolojia zaidi". Mpango Mkuu wa Kidijitali wa 2022 hadi 2032 tayari una ahadi za kutosha: kilomita 100,000 za nyaya za intaneti, vituo 25,000 vya waifai ya umma, na kituo cha kidijitali katika kila wadi kati ya wadi 1,450 za nchi. Fanya hesabu. Bungoma ina wadi 45, Trans Nzoia 25. Hivyo ni vituo 70. Nenda wadi yako ukahesabu. Ukikipata, angalia kama mlango uko wazi na nani ana ufunguo.

Tunachodai ni watu. Kila ofisi inayohudumia umma, kuanzia Huduma Centre mpaka kwa chifu, iwe na jina la afisa anayewajibika limebandikwa ukutani, pamoja na njia ya kuhudumia watu mtandao ukilala: daftari, risiti ya kuonyesha ulifika na siku gani, na simu ya kukuita mambo yakirudi sawa. Machifu wafundishwe kweli kweli, si semina ya siku moja yenye posho ya chakula. Mzee ambaye vidole vyake vimesuguliwa na jembe mpaka mashine haivisomi awe na mlango wa pili, bila kubembeleza. Na wakubwa, makatibu wa kaunti, mawaziri wa kaunti, wakurugenzi, wapandishwe vyeo kwa kuangalia wananchi wangapi walihudumiwa. Idadi ya kompyuta walizonunua isiwe sifa. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa miaka mitatu na zaidi waliotumia intaneti. Hata kama leo ni mara mbili ya hiyo, zaidi ya nusu bado wako upande wa pili wa kaunta, na Kifungu cha 6 cha Katiba kinasema huduma zifike kila sehemu ya nchi.

Hapa sasa naongea na wewe, si na serikali.

Una silaha ambazo hujawahi kuzitumia. Uamuzi wowote wa ofisi ya umma unaokuumiza, Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi, ndugu yangu. Siku karani akikwambia mtambo umekataa, mwambie kwa adabu, "Naomba uniandikie sababu, na uweke jina lako." Utaona jinsi mitambo inavyopona haraka. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinasema huwezi kukatiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Una haki ya kutaka binadamu auangalie upya. Ofisi ya Kamishna wa Data inapokea malalamiko. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu ombi lako. Andika barua uulize: kaunti yetu imelipa nani kwa mfumo wa ushuru, kwa bei gani, na taarifa zetu zinawekwa wapi? Barua moja haitoshi. Kumi kutoka kwa vijana kumi zinasikika.

Tarehe zijue. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unatakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya umma. Huko ndiko inaamuliwa kama pesa zitaenda kwa programu mpya ya mtu fulani au kwa kumlipa kijana wa kukaa kituo cha wadi. Ukumbini utakuta wazee, akina mama wa vikundi, na viti vya vijana viko wazi. Halafu bajeti ikitoka tunajaza mtandao malalamiko.

Omba kazi pia. Nasikia vijana wetu wakisema, "Huko serikalini hatuchukuliwi." Wengine kweli wamenyimwa. Lakini nimeona tangazo la bodi ya utumishi ya kaunti likikaa kwenye simu za vijana hamsini msikitini na wasitume hata wawili. Aliyehitimu sayansi ya kompyuta Kibabii au Kitale National Polytechnic asikae akingoja kazi ya Gulf tu. Mpango wa vipaji vya kidijitali wa serikali umekuwa ukichukua wahitimu tangu 2015. Ingia. Uwe wewe yule wa kuinua mkono kuhusu tahajia ya Mohamed.

Sitakudanganya kwamba serikali itakupokea kwa maua. Mei 2025 Rose Njeri alikamatwa kwa kutengeneza ukurasa uliowarahisishia wananchi kutuma maoni yao kuhusu Mswada wa Fedha. Alilala korokoroni sikukuu ya Madaraka, akashtakiwa, na mwezi uliofuata mahakama ikasema mashtaka yenyewe hayaonyeshi kosa. Binti aliyewafanyia kazi yao bure! Serikali yenye uongozi wa kidijitali ingempa dawati.

Na la mwisho, ambalo wengine halitawapendeza. Wale mnaofanya kazi saiba, na wale mnaowasaidia wazee kwa simu baada ya swala, nyinyi tayari ni serikali. Kwa mzee wa Kipsongo au Musikoma, eCitizen ni wewe. Sasa tuulizane: ni wangapi mnaandikisha watu kwa barua pepe yenu wenyewe ili mzee alazimike kurudi kwako kila mara? Ni wangapi mna daftari chini ya meza lenye nambari za vitambulisho na maneno ya siri ya mtaa mzima? Ni wangapi mnatoza mia tatu kwa kazi ya kubonyeza mara nne kwa sababu mteja hajui? Tunawalaumu waliopokezana nenosiri la IFMIS, na sisi tunapokezana PIN za mama zetu. Hiyo ni amana. Mwandikie mzee nenosiri lake kwenye karatasi yake, mwambie alikunje aliweke pamoja na kitambulisho, wewe futa lako. Anza na yule wa leo jioni.